Kambale Mdomoni

Mimi ni mtu wa Kinjumbi, na samaki ninaowajua ni wa baharini. Nilipoolewa Miteja, wakwe zangu walinicheka mwaka mzima kwa kumwogopa kambale. Samaki gani hana magamba, ana ndevu, na ukimtoa majini anaendelea kuhema kama mgonjwa? Mama mkwe alisema nitamzoea. Nilimzoea upesi chunguni tu, akishakuwa na nazi.

Kule kambale wadogo ni kazi ya wanawake. Mto ukipungua baada ya masika unaacha madimbwi mashambani. Tunaingia, tunakumba maji kwa ndoo mpaka libaki tope, kisha tunapapasa kwa mikono. Mmoja hubaki ukingoni na tenga. Ukimkamata samaki unasema, "Pokea!" unamrusha, naye anadaka. Mwishoni tenga linagawanywa sawa kwa sawa, hata kwa yule ambaye hakulowa goti. Kwa uoga wangu, tenga lilikuwa langu.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa, kila mtu akawa mfanyabiashara. Mchuuzi mmoja akaanza kufika na pikapu ya mitumba, anabadilisha nguo kwa kambale waliokaushwa. Mimi nikalipenda gauni moja la kijani, nikalipenda mpaka likaniondolea usingizi. Kwa mgawo wa tenga nisingelipata. Basi nikawaambia wenzangu kwamba sishiki tena tenga, kila mtu aje na ndoo yake na bahati yake. Aliyeniunga mkono ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, na sauti yake ilikuwa ya kusikika mpaka shamba la pili.

Asubuhi hiyo tuliingia watatu, mama mkwe, wifi na mimi. Hapakuwa na nyimbo wala utani. Tulisukumana kwa viwiko na kuchunguliana, na ndoo zilikaa ukingoni peke yake. Wifi alimkamata kambale mmoja, mdogo, urefu wa kidole, kisha akahisi mwingine chini ya mguu. Zamani angenirushia yule wa kwanza. Sasa ndoo ilikuwa mbali na tope lilikuwa magotini. Akamtia mdomoni, kichwa ndani, akambana kwa meno, akainama. Nilimwona. Sikusema kitu, kwa sababu nami nilikuwa na wangu mdomoni.

Yule wa chini akamponyoka. Nadhani wifi alitaka kulalamika, maana alifungua mdomo.

Nilimtema wangu. Wifi alikuwa amesimama ameshika shingo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, pumzi inaingia kwa mluzi mwembamba. Tulimburuta hadi ukingoni, tukamlaza ubavu. Mkia ulikuwa ukionekana nyuma ya ulimi, unatikisika. Niliunyakua nikavuta, na wifi akajikunja mwili mzima, damu ikaja.

Mama mkwe alinipiga kofi mkononi. "Usimvute. Ukimvuta anafungua miba."

Kambale ana miba miwili, mmoja kila ubavu, karibu na kichwa. Akiogopa huitanua, na ikishatanuka hairudi. Mama mkwe alijaribu kuingiza vidole vyake, vikagoma kwa unene wa jembe la miaka arobaini. Akatazama mikono yangu, ile waliyozoea kuicheka kwamba ni ya kusukia ukili tu.

"Ingiza wewe, mwanangu. Fuata ubavu wa samaki mpaka shina la mwiba, uuzungushe mpaka uvunjike. Kisha wa pili."

Alikunja upindo wa khanga akamwekea wifi katikati ya magego, akamshika kichwa. Nilisema bismillahi, nikaingiza vidole viwili. Kulikuwa na joto na utelezi. Wifi alipiga mateke, kisha mateke yakapungua, na hilo lilinitisha kuliko yote. Mwiba wa kwanza ulinichoma hadi mfupani, nikauzungusha, ukalia tap. Wa pili sikuuona kwa vidole. Mluzi ulikuwa umekatika. Khanga ikateleza, meno yakanifunga, nami nilimshukuru Mungu kwa maumivu yale, kwa kuwa maiti haing'ati. Nikaupata, nikauvunja, nikavuta. Kambale alitoka akiwa bado anahema.

Wifi naye akahema.

Alipona, ila sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono ambao lazima umsogelee uusikie. Mchuuzi alipokuja tena nilijifungia ndani mpaka pikapu ikaondoka. Sijawahi kuona aibu kama ile, na hakuna hata mmoja nyumbani aliyenilaumu, jambo lililonizidishia.

Mwaka uliofuata tulirudi kwenye dimbwi lile lile. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilibeba tenga mwenyewe nikasimama ukingoni, kovu la meno likiwa bado jekundu kidoleni. Wifi aliingia, akapapasa, akamkamata wa kwanza. Akainua mkono na kufungua mdomo kusema neno lile la zamani. Sikusikia chochote, lakini nilikuwa sijamwondolea macho tangu aingie; samaki akaja, nikamdaka.