Tasa ya Tarakimu Nane

Shangazi yangu anafundisha hesabu Mbale, na hajajaliwa mtoto. Kwetu Jinja watu huyataja hayo mawili pamoja, la kwanza kwa sauti, la pili kwa kunong'ona.

Idi ile nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuja siku moja kabla, akanifundisha habari ya namba zinazogawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu. Shuleni tulisoma kwa Kiingereza; jina lao la Kiswahili, namba tasa, nilipewa naye. Nililala nalo kama zawadi.

Asubuhi, jikoni, nikamsikia wifi yake wa Bugembe, dada wa mumewe, akimwambia mama huku akikunja sambusa: "Kaka yangu ataishi na yule tasa mpaka lini?" Mama aligeuza chapati.

Baada ya pilau shangazi alitoa chaki kwenye pochi, akaandika kwenye mlango wa bati mbele ya wageni wote: 73939133.

"Isome."

"Milioni sabini na tatu, laki tisa na elfu thelathini na tisa, mia moja thelathini na tatu."

"Ni namba ya aina gani?"

Nikatazama mlango wa jikoni.

"Umesahau?"

"Sijasahau."

"Mwache mtoto," wifi akacheka. "Pilau imemlevya."

Machozi yakanitoka. "Ni neno baya, Shangazi. Nimelisikia jikoni."

Shangazi alimtazama wifi yake, si kwa muda mrefu. Kisha akalowesha kidole gumba, akafuta tarakimu ya mwisho. "Iliyobaki nayo haigawanyiki." Akafuta nyingine. "Na hii." Akaendelea kufuta kutoka kulia, taratibu, kama mtu anayemenya muhogo. Ilipofika 739 alinipa chaki nijaribu mwenyewe. Nilijaribu mbili, tatu, tano, mpaka ishirini na tatu. Zote zilibakiza kitu.

Mwisho ikabaki saba peke yake.

"Si umeimaliza sasa, wifi yangu?" akasema yule wa Bugembe.

"Sijaimaliza. Saba hiyo hapo. Igawe, wifi."

Wifi alikunja vidole kimoja kimoja, midomo ikicheza. Akaviachia.

Shangazi akaiandika upya, tarakimu zote nane. "Kati ya zinazoweza kukatwa hivi zisigawanyike, ndiyo kubwa kuliko zote. Ongeza tarakimu yoyote mwishoni, itagawanyika. Dada yake mkubwa hayupo." Mgongo wake ulikuwa umenyooka hivi kwamba nami, bila kujua, nilinyoosha wangu.

Akaniinamia, lakini sauti hakuishusha. "Mwanangu, ukisikia mtu analitamka neno hilo, usilie. Muulize tu: ya tarakimu ngapi?"

Nikafuta machozi kwa mkono wenye chaki.

"Namba tasa," nikasema, mpaka waliokaa uani wakageuka.

"Ya tarakimu ngapi?" akauliza shangazi.

Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu kutoka jikoni: "Nane!"