Mvua ya Kwanza Iacheni Ioshe Bati

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosimama ubavuni mwa nyumba ya bibi yangu, mimba imekwisha fika miezi yake, nikitazama maji ya mvua yanamwagika chini huku koo limenikauka.

Usinicheke. Wewe leo unafungua koki huku unaimba. Sisi wa Mkunya, huku juu, maji tuliyafuata chini bondeni. Unateremka na dumu tupu ukipiga soga, unapanda nalo limejaa husemi na mtu. Mwenye mimba kubwa ule mteremko hauwezi, na mimi nilikuwa nayo ya kwanza, na ya kwanza ina woga wake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Nyinyi neno hilo mnalisikia tu. Maduka ya Newala mjini, yaliyokuwa na chumvi na viberiti basi, yakaanza kujaa sabuni za kunukia, redio, kanga za kila rangi. Magari ya wanunuzi yakawa yanapanda kutoka Masasi kufuata korosho, kila mmoja na mzani wake, na wengine hata mzani hawana, wana bakuli. Bakuli hilo ndilo kangomba. Mtu anakujia mikorosho ingali maua, anakutia fedha kidogo mkononi, msimu ukifika anarudi na bakuli lake kuzoa. Lakini nisipotelee huko. Kangomba nina hasira nayo, nikianza hatutalala.

Ruksa ilileta, na ruksa ilichukua pia. Salfa, lile vumbi la njano la kupulizia mikorosho isishikwe na ukungu, zamani tuligawiwa na chama cha ushirika, bei yake ukaja kukatwa baadaye ukiuza korosho. Sasa ikawa ununue kwa fedha yako. Na mashine ya kusukuma maji kutoka bondeni ilikaa kimya kwa kukosa mafuta, hata bomba la kijiji likawa mahali pa mbuzi kujikunia.

Nilikuwa nakaa kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Sharifa. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe zake, basi Bakari, mume wangu, alihamia pale na redio moja isiyo na betri. Bibi akimwita "mume wangu," kwa utani kama ilivyo desturi, na mimi akiniita "mke mwenzangu." Tulicheka sana mle ndani. Msidhani bibi mwenye kubana matumizi ni lazima awe amenuna.

Na alikuwa anabana! Maji ya kuoshea muhogo ndiyo yaliyooshea vyombo, na ya vyombo yakaenda kwenye mpapai. Kunawa uso ulipewa kata moja. Marehemu babu alikuwa amejenga tangi la saruji chini ya ardhi, lenye mfuniko, na mfereji wa bati ulitoka kwenye paa ukaingia mdomoni mwake. Mwaka ule mvua zilichelewa, na tangini yalibaki maji ya kina cha kifundo cha mguu. Zaidi ya hayo kulikuwa na dumu moja uvunguni mwa kitanda cha Bibi, mdomo ameufunga kwa nailoni na kamba. Nilipoliomba siku moja kwa kiu, aliniambia, "Hilo lina mwenyewe."

"Nani?"

"Yumo njiani, hajafika."

Kulikuwa pia na kopo la fedha, limefichwa kwenye tenga la makopa, ile mihogo mikavu. Hiyo ilikuwa fedha ya uzazi. Uzazi ukienda vibaya, tukodi gari hadi hospitali. Muuza maji alikuwa akipita na baiskeli yake kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa na bei mpya. Mimi nilikuwa nikisikia kengele yake tu, moyo unakwenda kwenye lile kopo. Nikaanza kuhesabu kichwani, na mimi shule niliishia darasa la nne, hesabu zangu zote zikaishia mahali pamoja: tukinunua maji, kopo litakwisha kabla mtoto hajatoka. Tusiponunua, kiu. Nilikuwa nalala nikiota nakunywa.

Basi, Bakari alikuwa amepuliza salfa kwenye mikorosho ya karibu na nyumba. Kijana ana pampu ya kuazima, anataka amalize upesi airudishe, hakuangalia upepo unakwenda wapi. Bati letu lote likageuka njano. Bibi alimwambia, "Mume wangu, umenipaka paa manjano kama bibi harusi." Tukacheka, yakapita.

Ndipo wingu likaja. Sisi wote tulitoka uani, na nyumba ya pili vilevile. Hapo alikaa Mama Zuhura, jirani yetu, mwenye tangi kama letu na mdomo mkubwa kuliko tangi. Mikorosho yake nayo Bakari ndiye aliyempulizia. Akapiga vigelegele, akakimbia kufungua mfuniko wake.

Bibi hakupiga kigelegele. Alichukua kijiti, akauchomoa mfereji kwenye mdomo wa tangi letu, akaugeuzia uani, akakaza mfuniko.

"Bibi, unafanya nini?" Bakari akauliza.

"Naacha mvua ya kwanza ioshe bati. Ikishaosha, naurudisha."

Matone yakaanza. Kisha ikamwagika kwelikweli, na maji yakaporomoka kutoka kwenye mfereji hadi mchangani, na mchanga ukayanywa. Bakari akashika kichwa. "Bibi, unamwaga pesa hiyo! Muuza maji atakuja kesho, utamlipa nini?"

Mama Zuhura naye, ng'ambo ya ua, sauti juu ya mvua: "Bi Sharifa! Mfereji wako umepotea njia!"

"Haujapotea, mwanangu. Nimeutuma."

"Umeutuma ukaoshe mchanga?"

Mimi nilianza kulia. Nilimshika Bibi mkono, nikamwambia tangi tupu, kopo linakwisha, mimi siku zangu zimefika, anafanyaje mchezo na roho yangu. Akanigeukia, na sikuwahi kumwona ana macho makali vile.

"Wewe unataka akiba, au unataka tu kuona tangi limejaa? Mle chini mna maji kidogo, lakini ni maji. Paa lina salfa, lina mavi ya ndege na mijusi ya kiangazi kizima. Ukiyaingiza mle, hukuongeza kitu, umeharibu na yale uliyokuwa nayo. Na usidhani mimi siogopi."

Akakikaza kijiti kiganjani. Akaendelea kulitazama bati.

Sasa nikuambie nilichofanya, mwanangu, kwani kukemewa hakukunitosha. Bibi alipogeuka nilikwenda nyuma ya jiko, nikatega sufuria chini ya mchirizi wa paa. Nilijiambia maji kidogo tu hayana madhara.

Bati likaanza kung'aa, njano ikawa inakwisha. Bibi akasema, "Haya, sasa." Akainama kuurudisha mfereji. Alipokuwa anausukumia mdomoni mwa tangi, mvua ikakatika. Si kwamba ilipungua. Ilikatika kama mtu aliyefunga mlango. Matone machache yalianguka ndani, yakalia kwenye yale maji ya chini, basi. Jua likatoka, na mchanga uani ukaanza kutoa mvuke.

Bakari alikwenda shamba na jembe akaliacha ukutani.

Usiku wake sikulala, na Bibi naye nilimsikia akigeukageuka kitandani. Asubuhi nikaenda kwenye sufuria yangu. Juu palikuwa na utando wa njano, chini tope jeusi, na harufu ya kiberiti ilinipiga puani kabla sijainama. Nyuma yangu nikasikia, "Onja basi. Si akiba yako hiyo?"

Bibi akaibeba sufuria ile hadi kwa Bakari, akaiweka mbele yake, akaenda zake kumenya muhogo. Bakari aliinusa, akaisukuma kando.

Ungedhani hapo roho yangu ilitulia. Wapi! Kujua kwamba Bibi alikuwa sahihi hakukuniletea maji. Mbingu ilikuwa nyeupe, siku hadi siku. Bakari akaja na wazo: aende kwa wale wa kangomba, wampe fedha sasa, tulipe kwa korosho zilizobaki mtini. Bibi akamwambia, "Mume wangu, ukinywa korosho mwaka huu, mwakani utapulizia nini? Miguu unayo?" Basi Bakari akachukua fimbo ya mzegazega, akatia dumu huku na dumu huku, akaanza kuteremka bondeni kabla ya jua kuwa kali. Alikuwa akirudi mabega yamechubuka. Alikuwa akilalamika, sitakuficha, lakini kopo halikuguswa.

Siku moja tukasikia hodi, kwa sauti ya chini sana.

"Shikamoo, Bi Sharifa." Alikuwa Mama Zuhura, jagi mkononi.

"Marahaba. Leo umekuja na shikamoo. Juzi ulikuja na vigelegele."

Mama Zuhura akatazama chini. Tangi lake lote lilinuka. Yale maji mazuri aliyokuwa nayo chini yalikuwa yamechanganyika na ya mvua, watoto wamekunywa wakashikwa na tumbo, sasa alikuwa anamwaga tangi zima kwa ndoo. Mimi nikawa naomba moyoni, Bibi asimpe, asimpe, yatatuishia. Hivyo ndivyo woga unavyomfanya mtu.

Bibi akamjazia jagi. Kisha akasema, "Baiskeli ya mumeo nzima?"

"Nzima, Bibi."

"Mke mwenzangu huyu siku zake ni za leo kesho. Nikikuita, ije."

Na kweli ilikuja. Uchungu ulinishika Bakari akiwa bondeni. Nilimlilia, lakini bonde halisikii. Baba Zuhura akaniketisha nyuma ya baiskeli, akaisukuma, na mkewe akanishika mgongo. Bibi alitembea nyuma yetu na lile dumu la uvunguni amelibeba kichwani, na kopo amelifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima nilikuwa nawaza kopo. Itakuwa gari? Itakuwa hospitali? Litatosha?

Zahanatini muuguzi alinipokea vizuri, akatazama, kisha akauliza kabla ya yote, "Maji mmekuja nayo?" Mwaka ule ndivyo ilivyokuwa, kila mzazi na maji yake.

Bibi akashusha dumu. Akaikata ile kamba kwa meno.

Nilizaa salama, bila gari. Mtoto alioshwa kwa maji safi kama macho yake, na mimi nikanyweshwa, nikaona utamu wa maji ambao sijauonja tena. Nikiwa nimelala hapo nikasikia mtu anaugulia kitanda cha pili. Alikuwa dada mmoja kutoka Makote, ameletwa mbio, hakuja na kitu hata kanga ya pili. Muuguzi alikuwa ameshika beseni kavu. Bibi akasimama, akachukua dumu, lilikuwa limebaki karibu nusu, akalimimina lote mle.

Mimi nikainuka kwa kiwiko. Hofu haijui kwamba mtu amejifungua. Nikasema, "Bibi! Sasa nyumbani tutarudi na nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la mjinga, na nilikuwa nimeuliza swali la mjinga.

"Na mtoto," akasema.

Mvua ya kweli ilikuja kitovu cha mtoto kilipokuwa kimekatika. Ilikuta bati letu safi, na mfereji umeelekea tangini. Fedha ya kopo ilinunua salfa ya msimu uliofuata, taslimu, na Bakari safari hiyo alinyoosha kidole kwanza kupima upepo.

Sasa nikuambie, mwanangu, kwa kuwa unaanza nyumba yako na najua unakosa usingizi kila bei ya sukari ikipanda. Woga huo ni wa kawaida, mimi ninao hadi leo. Ila usiuache ukushikie mfereji. Si kila cha bure wala kila cha rahisi ni cha kuingizwa ndani. Kingine kinaharibu hata kile kidogo ulichokwisha kukiweka. Kiache kipite, hata kama jirani anakucheka. Maji yako yafanye kazi mara mbili kabla hayajafika kwenye mpapai, na fedha yako vivyo hivyo. Usiuze maua ya mti wako kwa sababu ya kiu ya leo, kama miguu bado unayo. Tenga dumu moja la siku moja, ulifunge, na mwenzako wa ndani ajue liko wapi na ni la nini. Na siku hiyo ikifika, likate kamba bila kujuta, ulimimine, na likibaki mpe aliyekuja mikono mitupu. Mimi nilidhani Bibi alikuwa anaweka kwa kunyima. Kumbe alikuwa anaweka ili siku hiyo asilazimike kumnyima mtu.

Nenda basi. Mungu akupe paa lisilovuja na tangi lisilonuka. Akupe mwenza wa kupanda naye ule mlima mkichekeshana. Na kila utakapotoka nyumbani na hofu yako, akurudishe una mtu wa kumbeba kifuani. Amina.