Kuku wa Moduli ya Python

Mama amechinja kuku leo, na wa kulaumiwa ni mimi.

Miezi minane nimekuwa nikifungasha moduli ya Python, kipande cha programu ya kompyuta, ili iingie kwenye mfumo wa Linux. Kazi ya kujitolea, na wakaguzi walikuwa wananirudishia tu. Leo wameikubali!

Nikapiga kelele. Mama akatoka mbio kwenye majani chai, kikapu mgongoni.

"Umepata kazi?"

Nikanyamaza. (Msinihukumu.) Akamkimbilia kuku huku akimwita shangazi.

Ndipo nikaona ujumbe wa pili: aliyeiandika moduli hiyo ameachana nayo, kwa hivyo wanaiondoa.

Sasa tuko mezani. Amenipakulia firigisi, ambayo nyumbani kwetu alikuwa akipewa marehemu baba peke yake.

Jamani, nyinyi mngeila?