Thelathini kwa Mia

Fundi wa makochi alijulikana mtaa mzima kwa jina la Sponji. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono yenye nguvu. Kochi la watu watatu alilinyanyua peke yake huku akimtania mwenye mali. Kwa hiyo alipoanza kupumzika kila baada ya kugonga misumari michache, mkewe alijua kuna jambo. Miguu ilivimba hata viatu vikamkataa. Akijilaza, pumzi inakatika. Ikawa analala ameketi, kwenye kochi la mteja lililokuwa likisubiri kitambaa.

"Ni uchovu tu," alisema.

"Uchovu gani unavimbisha miguu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa shati twende."

Hospitalini daktari alipitisha kifaa kifuani, akautazama moyo kwenye skrini. Akasema umedhoofika, nguvu yake ya kusukuma damu ni asilimia thelathini. Foleni mlangoni ilikuwa ndefu. Akaandika dawa, akaita mwingine.

Sponji alitoka na hesabu moja kichwani: thelathini imebaki, sabini imekufa. Tangu siku hiyo aliishi kama mtu aliyekwisha kuaga. Mkasi wake mkubwa, ambao hakuna aliyethubutu kuugusa, alimkabidhi mdogo wake. Dada yake mkubwa alifunga safari, akaingia na kilio tangu mlangoni, hadi mke akamshika mkono: "Wifi, taratibu. Mwenyewe yuko ndani anakusikia."

Aliporudi kliniki, muuguzi alimtazama usoni. "Baba, umekonda kwa ugonjwa au kwa mawazo?"

Akamweleza ile hesabu. Muuguzi akavuta kiti.

"Hakuna moyo unaotoa damu yote kwa pigo moja. Chumba chake kikubwa cha kushoto kikishajaa, moyo wenye afya husukuma nje zaidi kidogo ya nusu, sitini hivi kwa mia. Inayobaki hubaki humo. Wako unasukuma thelathini. Ni dhaifu, sikufichi. Lakini sabini haijafa."

"Kwa hiyo mia haipo?"

"Haipo kwa mtu yeyote. Hata mimi sina."

Siku hiyo Sponji alikula akamaliza sahani. Alimeza dawa bila kukosa, akapunguza chumvi, akajipima uzito kila asubuhi, maana aliambiwa uzito ukipanda ghafla ni maji yanajikusanya mwilini. Miezi ikapita, akapimwa tena: arobaini na tano. Maneno yake yakarudi, na mizaha pia. Kisha dawa zikaanza kubaki kwenye pakiti.

"Nimeshawakaribia wazima," alimwambia mkewe. "Dawa ni za wagonjwa."

Mke alimsihi, wakanuniana. Haikuchukua muda. Mchana mmoja mdogo wake alimkuta ameinamia meza ya kazi, misumari ikiwa bado mdomoni, hawezi kuitema wala kuvuta pumzi. Akaitoa kwa vidole, mmoja mmoja, ndipo wakamkimbiza hospitali.

"Ile namba ilipanda kwa sababu ya dawa," daktari alimwambia alipoweza kusikia. "Umelikata tawi ulilokalia." Sasa ilikuwa imerudi thelathini.

Mkewe alikaa kando ya kitanda mpaka wageni walipoondoka.

"Mara ya kwanza uliniaga na hukuwa unakufa," alisema. "Mara hii ulikuwa unakufa, na hukuniaga."

Sponji aligeukia ukuta. Mabega yakamtikisika.

Siku hizi makochi yananyanyuliwa na mdogo wake; yeye anashona mito kwa mkono, ameketi. Mke husimama mbele yake hadi ameze dawa, na bado hushtuka akimsikia anakohoa. Kipimo cha mwisho kilitoka thelathini na tano. Nyumbani hakuna aliyeshangilia. Daktari alisema huenda ikapanda, huenda ikabaki hapo hapo.

Sponji aliuliza kitu kimoja tu: "Dawa ni zile zile?"

"Zile zile."