Matete ya Korongo

Usiku kucha nilijiuliza swali moja: nikikijaza kifusi kile kinamasi cha Gatongora, kwenye ploti aliyoniachia mama, nijenge vyumba vya kupangisha, wale korongo wawili wenye taji watataga wapi? Halafu nikajiuliza kama mtu asiye na kazi ana ruhusa ya kuwaza korongo.

Asubuhi lori la kifusi lilipofika kando ya matete, harufu ya tope ilinipanda puani. Nikawa mtoto tena, nyuma ya mama, tukitoka kuchuma kahawa. Njia fupi ilikatiza kwenye matete, lakini yeye alituzungusha mbali.

"Mama, miguu inauma!"

"Nyamaza. Kuna mzazi kitandani."

Alifungua leso, akarusha ukingoni mahindi yaliyobaki ya mchana, maana kwao alikozaliwa, upande wa magharibi, hakuna aendaye kumwona mtoto mchanga mikono mitupu. Korongo aliyekuwa akiatamia mayai akainua shingo, taji la dhahabu likitetemeka.

"Ona, hata kitambaa cha kichwa amejifunga. Anangoja wageni," mama akacheka.

Wakati huo walitua wengi hadi tukachoka kuwahesabu. Sasa matete yaliyobaki ni haya tu, na korongo asiye na matete hatagi.

"Nimwage wapi, msomi?" dereva akauliza.

"Rudi nacho. Hapa ni pa ndege."

"Ndege watakulipa kodi?"

"Hawatalipa."

Akacheka, akageuza lori. Nami nikarudi nyumbani kwa ile njia ndefu.