Kisima hakikuwa kwenye filamu

Leo saluni nimesikia siri yangu ikitoka kinywani mwa bibi wa Kikorea.

Msusi wangu hapa Troyeville, Mama Furaha, hututafsiria filamu huku akisuka.
Ya leo ilianza kwa vichekesho, tukacheka kweli.

Kisha yule bibi akasimama mbele ya watu, aeleze wanajeshi walichomfanyia wakati wa vita.

Mama Furaha akatafsiri: "Walinikuta kisimani, nimebeba ndoo ya dada yangu."

Eish. Kwenye filamu hakukuwa na kisima.
Kisima ni cha kwetu, Uvira. Nilimsimulia Mama Furaha tu, mlango umefungwa.

Saluni nzima ikalia. Jirani akanipa kitambaa: "Dada, mbona wewe hulii?"

Yule bibi alichagua mwenyewe siku ya kusema.
Mimi nimesemewa, kichwa kikiwa mikononi mwa Mama Furaha, nusu kimesukwa.

Niambieni, ningeinukaje?