Mchumba Aliyepimwa Joto

Kazini walimwita Fundi Povu, naye jina alilipokea kwa moyo mweupe. Maabara yake ilijaa vichupa vya kuchachushia vijidudu, safu kwa safu, kila kimoja na mrija wake wa hewa, kikorogeo chake na kipimajoto chake. Vyote vililishwa sukari sawasawa. Kijidudu aliyewashinda wenzake alipelekwa kwenye pipa kubwa la kiwanda. Walioshindwa walimwagwa kwenye sinki bila hata pole. "Usiamini kichupa kimoja," ndiyo ilikuwa dini yake.

Taabu ni kwamba dini hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Mkewe hakutia chumvi kwenye maharage mpaka yajaribiwe kwanza vikombeni, na mama wa watu alishazoea. Lakini binti yao alipomleta mchumba wake, fundi viatu mwenye aibu, Fundi Povu alimtazama juu mpaka chini.

"Wengine wako wapi?"

"Wengine gani, baba?"

"Wa kumlinganisha naye."

Binti alicheka. Jumapili hakucheka tena. Sebuleni alimkuta mchumba wake amepangwa kwenye mstari pamoja na makapera watatu wa maabara, kila mtu na kipimajoto kwapani. Wote walipewa maji ya sukari na maswali, isipokuwa wa pembeni, ambaye hakupewa chochote kwa kuwa yeye alikuwa wa kulinganishia tu. Fundi Povu alipita nyuma yao akiwatikisa mabega, wasije wakatuama.

"Baba, huyu nampenda!" Machozi yalimlengalenga. "Akishindwa utammwaga kwenye sinki?"

"Tusubiri matokeo, mwanangu."

Matokeo yalikuwa balaa. Fundi viatu alilowa jasho, joto likapanda, akaulizwa jina la mama yake likamtoka kichwani. Aliyeongoza kwa utulivu ni yule wa pembeni, maana alikuwa amelala fofofo. Fundi Povu alishusha pumzi, akamwonyesha fundi viatu mlango.

Mkewe akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, na mimi ulinilinganisha na nani?"

Fundi Povu aliikumbuka foleni ya zahanati walikokutana, msichana huyu alipomwomba amshikie nafasi, na jinsi yeye alivyofika dirishani akashindwa kutaja jina lake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza aliona haya.

"Ulikuwa peke yako," alisema kwa sauti ndogo. "Sikupima kitu."

"Basi mpaka leo hujui kama nilifaulu."

Fundi Povu alimfuata fundi viatu mlangoni, akamrudisha kwenye kiti. Akachomoa kipimajoto kwapani mwa kijana, akakifuta, akakitia kwapani mwake mwenyewe, akasimama mbele ya mkewe. Nyumba nzima ikasubiri.

"Mama watoto," alisema, "bado kinapanda."